Gari Lisilo na Ukuta

Kihesa, Iringa
5 Juni 1977

Baba,

Shikamoo. Sisi wote watatu wazima. Barua ya Tupokigwe imefika Ijumaa, nikaisomea ofisini, nikacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Anasema pikapu ilizimika katikati ya soko, nawe ukawa unasalimia watu kupitia dirishani kana kwamba umesimama kwa hiari yako. Anasema mlango wa kushoto sasa unafungwa kwa kamba ya katani, na kwamba ukitaka kujua mwendo unahesabu nguzo za simu.

Baba, gari hilo limechoka. Ulilinunua mwaka tuliopata uhuru kwa yule mzungu wa kahawa, na yeye alikuwa amekwisha kulichosha. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe mwezi wa pili, spea za Pijo hazionekani. Kulitengeneza tena ni kujisumbua.

Sasa sikiliza habari njema. Daktari wa misheni ambako Kalista anafanya kazi anarudi kwao mwezi wa tisa, na anauza Fokswagen yake. Rangi ya maziwa, haijabeba hata gunia moja la mkaa. Kalista ndiye aliyeomba tushikiwe sisi, na daktari amekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi wa nane. Sisi tutakusaidia kuinunua. Pikapu mpe fundi Mihayo, aifungue vipande vipande auze anavyoweza.

Desemba shule zikifungwa tunakuja. Fikiria, baba: wewe, mimi, Kalista na huyu mjukuu mwenye jina lako, wote katika gari moja. Atakuwa na miezi minane, na masikio yake ni yako kabisa, pole kwake.

Mwanao,
Asukile


Soweto, Mbeya
19 Juni 1977

Mwanangu Asukile,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikaa ndani ya pikapu nikaisoma kwa sauti, ili nayo isikie inavyosemwa.

Dada yako ni mwongo. Haikuzimika katikati ya soko. Ilizimika pembeni, kwa wauza viazi, mahali ambapo gari lolote lenye akili lingezimika. Kamba nayo si ya katani, ni ya nailoni, na imefungwa vizuri kuliko kitasa.

Fokswagen sitaki. Mwambie daktari asante. Injini yake iko nyuma, na mimi siwezi kuendesha kitu ambacho injini yake inanifuata. Miaka kumi na tisa nimeendesha grida ya serikali, nimeparua barabara toka Igawa mpaka Tunduma, na siku zote injini ilikuwa mbele yangu. Ndizi je? Ndizi nitapakia wapi? Shangazi yako kule Kiwira akinipa mikungu kumi nimwambie sina nafasi, nimenunua gari la daktari?

Halafu gari lenyewe halina ukuta. Nimeliangalia moja kama hilo pale posta, nikalizunguka. Halina ukuta hata kidogo. Mambo ya kununua yaishie hapo. Nitaitengeneza hii hii.

Mjukuu wangu mvalisheni soksi, Iringa kuna upepo. Msalimie mama yake.

Baba yako,
Yotamu


Kihesa, Iringa
3 Julai 1977

Baba,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako, na kwa heshima zote nakukumbusha kwamba grida injini yake iko nyuma. Nilipandishwa juu yake nikiwa na miaka sita, na injini iliningurumia mgongoni mpaka nikalia. Miaka kumi na tisa injini ilikuwa inakufuata na hukuiogopa.

Ndizi tutafunga juu, kwenye keria. Nimeona Fokswagen ya padri imefunga kitanda na magodoro mawili, ikapanda mlima wa Ipogoro bila taabu.

Hilo la ukuta sijalielewa. Gari lina mabati pande zote, lina paa, lina vioo. Unataka ukuta wa nini? Wa tofali?

Kuna sababu unayonificha, nami siijui. Kama ni fahari ya kukataa msaada wa mtoto, sema tu. Kalista nilipomsomea barua yako hakucheka kama mimi. Alichukua mtoto akaenda jikoni. Nadhani ni uchovu, kijana wako haachi watu walale.

Daktari bado anangoja.

Mwanao,
Asukile


Zahanati, Kihesa
10 Julai 1977

Wifi yangu Tupokigwe,

Kamwene. Barua hii usimwonyeshe kaka yako, naye akikuuliza tumeandikiana nini, sema tumeandikiana mishono.

Habari ya Fokswagen umeisikia. Ni mimi niliyemwendea daktari. Siku aliyosema anauza, sikumwacha amalize chai yake. Nilisema moyoni, mzee akipata gari la watu wanne atakosa sababu ya kuniweka nyuma. Sasa amekataa. Kaka yako anasoma majibu kwa sauti na kucheka, mara injini, mara ndizi, mara ukuta. Mimi sioni kichekesho. Ukweli naujua. Baba yenu hataki gari ambalo itabidi akae pamoja nami.

Wewe ulikuwa bado hujahamia Mbeya, kwa hiyo acha nikusimulie. Mwezi wa sita mwaka juzi tumeshuka kwenye basi, mimi bibi harusi wa wiki tatu, gauni la pinki, viatu vyeupe, kofia yenye ua. Baba yenu akamkumbatia kaka yako. Alipofika zamu yangu akageuka akawa anaangalia mlima wa Loleza. Nikaambiwa nipande nyuma ya pikapu. Nyuma kulikuwa na mikungu sita na mbuzi. Mbele kulikuwa na nafasi ya mtu wa tatu, niliiona kwa macho yangu, kofia ya mzee ndiyo ilikuwa imekaa. Baridi ya Mbeya mwezi huo unaijua. Mbuzi akala lile ua la kofia yangu, nami nikamwacha ale, maana ndiye peke yake aliyenijali.

Kesho yake nikasema labda mimi ndiye sijasalimia vizuri. Kwetu Uheheni mkwe unampigia magoti, unampa maji ya kunywa kwa mikono miwili, na hapo mmejuana. Nikajaza kikombe nikamfuata sebuleni. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikamfuata. Akazunguka nyumba. Nami nikazunguka, maji yanamwagika, nasema, "Shikamoo baba, shikamoo baba." Mzunguko wa pili akaingia migombani, na hakuonekana tena mpaka jua linazama. Majirani walikuwa wameegemea ua wameshika mbavu.

Tangu siku hiyo sijarudi. Nikimwuliza kaka yako, anasema mzee ana haya. Mtu mwenye haya hasalimii soko zima kupitia dirishani. Nadhani alitaka mkwe wa kwao, na mimi ni Mhehe, tena Mkatoliki.

Wifi, imeniuma. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Nilipoolewa nilijiambia sasa nimepata mwingine. Desemba siji. Mtoto akiacha kunyonya kaka yako atamleta mwenyewe, babu yake amwone.

Wifi yako,
Kalista


Soweto, Mbeya
20 Julai 1977

Wifi Kalista,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa chini, halafu nikacheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli. Kaka yangu ana cheti cha ualimu lakini hana akili. Hivi miaka miwili hajakuambia?

Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, hawakutani njiani. Ukimsikia anakuja unapisha, naye akikuona anapisha. Si chuki hata kidogo. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo, na anayeivunja ndiye aliyemdharau mwenzake. Mimi nina miaka tisa katika ndoa, na uso wa baba mkwe wangu siujui. Namjua kwa kikohozi. Akikohoa upande ule wa nyumba, mimi niko upande huu, na tunapendana sana. Nikijifungua ananiletea kuku, anamfunga kwenye nguzo na kuondoka.

Vijana wengine, hasa wa kanisani, wameanza kulegeza. Baba ni mzee wa kanisa lakini kwa hili hajalegeza hata uzi. Kwa hiyo siku ile, wifi, ulikuwa unamfukuza mzee wa watu kuizunguka nyumba yake mwenyewe na kikombe cha maji, naye anakimbia ili asikukosee. Wewe ulikuwa unamheshimu na yeye alikuwa anakuheshimu, mkazunguka mara mbili. Watu wa huku mpaka leo wakitaka kucheka wanakumbushana.

Na pikapu ndiyo hiyo hiyo. Mbele kuna kibanda cha dereva, nyuma ni kwingine. Katikati kuna bati. Basi huo ndio ukuta. Kwenye Fokswagen mngekaa pamoja, mgongo wake na magoti yako. Angeendeshaje? Naye hawezi kumwandikia kaka yangu kwamba hataki gari kwa sababu ya mkewe, ataonekana anakusema vibaya. Ndipo akaanza uongo wa injini.

Sasa usinikasirikie. Nimemsomea baba barua yako. Yote, mpaka pa baba yako. Aliweka kikombe cha chai chini, akaniuliza kama ni kweli mbuzi alikula kofia, nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akatoka akaenda kukaa ndani ya pikapu muda mrefu bila kuiwasha. Jana ameipeleka kwa fundi Mihayo na kurudi kwa miguu. Leo tena amekwenda huko tangu asubuhi na misumari mfukoni. Nimemwuliza anafanya nini, anasema mishono.

Jambo moja. Jina lake mke wa mwana halitaji. Mwanao ana jina hilo hilo, nasi tumesikia kwamba unamwita hivyo kwa sauti. Mwite Babu tu, wengi hufanya hivyo.

Tupokigwe


Kihesa, Iringa
14 Agosti 1977

Baba,

Shikamoo, na nisamehe. Ukuta nimeuelewa.

Kosa ni langu. Nilisoma bweni tangu nina miaka kumi na moja, nikadhani mambo haya kila mtu anazaliwa anayajua, na yule asiyeyajua hayamhusu. Kalista aliniuliza jioni moja, kwa upole kabisa, kwa nini sikumwambia. Nikasema nilidhani anajua. Akaniuliza angejuaje. Kwa siku nne nimeosha nepi, na sijaambiwa niache.

Sasa hali ni hii. Amefurahi kusikia hukumchukia, hilo nimeliona usoni. Lakini Desemba bado anakataa. Anasema mgongo wake haujui mila. Ubao ule wa nyuma ya pikapu, na vumbi la kwenda Kiwira, na mtoto wa miezi minane mikononi, hapana. Mimi siwezi kusema amekosea.

Nimewaza kila njia. Nikiendesha Fokswagen mimi, wewe utakuwa ndani. Ukibaki nyumbani, maana ya gari ni nini? Daktari anataka jibu tarehe thelathini. Baba, tafadhali nieleze unafikiri nini, maana Tupokigwe anasema unashinda kwa Mihayo na umenyamaza, na wewe ukinyamaza tunaogopa.

Mwanao,
Asukile


Soweto, Mbeya
21 Agosti 1977

Mkwe wangu, mama wa mjukuu wangu,

Usishtuke. Mwandiko ni wangu. Nimewaza wiki tatu kama naruhusiwa kukuandikia, nikamwuliza na mzee mmoja wa rika langu. Tumekubaliana kwamba waliotutangulia walikataza macho na walikataza mdomo. Barua hawakuijua, kwa hiyo hawakuikataza. Asukile usimwonyeshe mpaka umalize, ndiye aliyetuletea haya.

Kwanza, kofia. Pole sana. Yule mbuzi tulimla Krismasi ile na hakuwa mtamu.

Pili, nafasi ile ya mbele. Uliiona, na mimi nilijua umeiona. Toka kituo cha basi mpaka nyumbani nilikuwa nakukwepa kwenye kioo, na kila shimo nililolikanyaga nililisikia kifuani. Nilimwambia Asukile akupe koti langu. Akasema huhisi baridi. Sijui alilijuaje hilo.

Tatu, siku ya maji. Mwanangu, mimi niliwahi kukutana na simba Usangu nikiwa kwenye grida, na sikukimbia. Siku ile nilikimbia. Nilikuwa migombani naona kikombe kimekaa juu ya jiwe ulipokiacha, na nilikuwa na kiu. Nilitaka sana kuyanywa. Sikuweza, maana ulikuwa umekaa karibu nacho unalia, na mimi nikakaa kule kule nikilia nawe. Hilo sijamwambia mtu.

Mimi sikukuchukia hata siku moja. Mama wa watoto wangu alipokufa, nyumba hii ikawa ya watu wa kukohoa tu. Asukile alipoandika kwamba ameoa muuguzi wa Iringa anayeimba, nilimsomea barua hiyo kila aliyepita. Kwamba ni Mhehe nilijua. Kwamba ni Mkatoliki nilijua, na kwamba anaimba sauti ya pili nilifurahi, maana kwetu kanisani ya kwanza tunayo wengi.

Sasa habari ya gari. Pikapu imefumuliwa yote. Fundi Mihayo ni Msukuma, ndugu zake wanachunga ng'ombe huko Usangu, yeye alichoka na ng'ombe akaja kuchunga magari. Mimi nilitaka aseme inatengenezeka. Yeye akasema itatengenezeka kama nitanyamaza. Nimenyamaza. Gasket ya injini imetoka Zambia, mfukoni mwa dereva wa lori. Breki ni mpya zote nne, zamani zilikuwa mbili na nusu. Kamba ya nailoni tumeitoa, kitasa kimerudi, ingawa mimi naona kamba ilikuwa bora.

Nyuma tumejenga chumba. Si turubai, ni chumba, mbao za msaji na bati juu, kina mlango wake na ngazi ya kupandia isiyohitaji kurushwa kama gunia. Kiti ni cha basi bovu lililolala Ruaha Mbuyuni. Kimepanda huku juu ya lori la vitunguu, kwa hiyo kinanuka kidogo, lakini tumekianika siku kumi na sasa kinanuka kwa mbali tu. Kuna dirisha la kioo kila upande. Kile kioo kidogo kati yako na dereva Tupokigwe amekishonea pazia la maua. Mihayo amefunga kamba mbili za kuning'iniza susu ya mtoto, akajilaza mwenyewe kuijaribu. Zilikatika, sasa tumefunga nene zaidi. Mbuzi hatapanda tena.

Kisha nikawaza, mkwe akitaka kusimama atasemaje, naye hasemi nami? Mihayo akang'oa kengele ya baiskeli yake. Iko karibu na mkono wako wa kulia. Ukipiga mara moja, nasimama. Mara mbili, tunakwenda. Mara tatu, nakwenda mbio mno na mtoto anaamka. Katika gari hili mimi ni dereva tu. Amri iko nyuma.

Fokswagen hapana. Lakini kama kiti hicho hakifai, na kama hata hivyo hutaki, sitakulaumu, na mjukuu nitamngoja mpaka aweze kuja kwa miguu yake. Niambie mwenyewe. Nimengoja sana mtu wa kuniambia jambo toka upande ule.

Baba mkwe wako


Kihesa, Iringa
4 Septemba 1977

Baba,

Bahasha ameandika Asukile, maana mimi jina hilo silitaji. Ameiandika bila kujua kilichomo, na anazunguka zunguka meza.

Barua yako nimeisoma zahanati. Daktari akadhani nimefiwa. Nikamwambia, hapana, nimepata baba. Na gari lake nikamwambia amuuzie mwingine, sisi lile la kwetu limepona. Amemwuzia padri, ambaye sasa atakuwa nazo mbili.

Huyu mdogo naye ameanza kuitwa Babu, na anaitika kuliko alivyoitikia lile jina.

Tutashuka Mbeya Jumamosi tarehe 17 Desemba. Kengele ya baiskeli hushika kutu upesi, tafadhali itiwe mafuta. Na kiti hata kikinuka vitunguu si neno, nitaleta limau.

Kalista, mkwe wako


Kihesa, Iringa
8 Januari 1978

Baba,

Tumefika salama. Bahasha ni ya Asukile tena. Nakuandikia mambo ambayo nisingeweza kukuambia pale, ingawa hatukuwa mbali kuliko upana wa bati.

Chumba ni kizuri. Toka Uyole mpaka Kiwira mtoto alilala kwenye susu, na mimi nilikaa kama mke wa mkuu wa wilaya. Watu walikuwa wanapunga mkono, nami nikapunga. Asukile hakuwa na raha mbele. Anasema ulikuwa unaendesha umeinamisha sikio, na kila alipotaka kuongea ulimwambia anyamaze usije ukaikosa kengele.

Lazima nikiri. Mara ya kwanza, pale Isyonje, nilipiga kwa sababu ya kweli, nilitaka viazi. Mara ya pili hapakuwa na sababu. Nilipiga mara mbili tu ya kwenda, na tayari tulikuwa tunakwenda. Nikakusikia ukijibu kwa honi, mara mbili. Nikasema, labda ni bahati. Nikapiga tena, ukajibu tena. Baba, kwenye kona zile zote hapakuwa na gari wala ng'ombe, na sisi tulikwenda tukipigiana kengele na honi mpaka Kiwira. Mtoto aliamka akacheka. Ulipoanza wimbo wa kanisani kwenu, mimi siujui, lakini sauti ya pili nikaitafuta mpaka nikaipata. Asukile anasema hapo ulisimamisha gari ukasema unaangalia tairi, na tairi hukuziangalia.

Na kile kikombe. Asubuhi ya kuondoka nilikiweka juu ya boneti, kimejaa, nikapiga magoti kidogo pale pale, kisha nikarudi chumbani kwangu na kufunga pazia. Nikasikia mlango wa nyumba. Nikasikia hatua. Kisha hatua zikarudi. Nilipotoka kilikuwa kitupu, kimefunikwa na kofia yako.

Kofia nimekuja nayo. Hutaipata mpaka Juni.

Mkwe wako,
Kalista


Soweto, Mbeya
22 Januari 1978

Mkwe wangu,

Natembea kichwa wazi na watu wananiuliza. Nawaambia iko Iringa, natunziwa.

Maji yale yalikuwa matamu. Nimeyangoja miaka miwili na miezi sita.

Juzi nimeipeleka pikapu kwa Mihayo. Ameiangalia toka mbele mpaka nyuma, akasema klachi inaanza kuteleza, springi moja ina ufa, na honi imeungua kabisa, hajawahi kuona honi iliyochoka namna hiyo katika gari zima. Akaniuliza aanze na kipi.

Nimemwambia klachi ingoje, springi ingoje, aanze na honi.

Baba yako